Matema, Kasanga au Mbamba Bay: uende mpaka upi?

Ikifika Juni, shule zimefungwa na baridi ya Mbeya imeanza kutafuna vidole, swali huwa lile lile: tuna siku chache, tunataka ziwa na milima, tunataka na watoto waione historia badala ya kuikariri. Twende wapi? Anayeuliza mara nyingi ameshafika kwenye majina matatu na amekwama hapo. La kwanza ni Matema, wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, jirani na Malawi. La pili ni Kasanga pamoja na maporomoko ya Kalambo, mkoani Rukwa, ambako mto mmoja unatutenganisha na Zambia. La tatu ni Mbamba Bay, mkoani Ruvuma, ambako ng'ambo ya maji ni Malawi na ukishuka kusini unaingia Msumbiji.

Uzuri hautakusaidia kuamua, maana kote kumejaliwa. Kote pia kumepita mambo yale yale: misafara ya watumwa, Wajerumani na maboma yao, vita vya 1914 hadi 1918, kisha mipaka iliyochorwa Ulaya na watu ambao hawakuwahi kunywa maji ya mito waliyoigawa. Tofauti, kwa ninavyoona, iko katika namna hayo ya zamani yanavyokupokea. Ruvuma wameyajengea makumbusho. Kasanga yamelala kwenye majani bila kibao. Kyela hayajaisha, serikali mbili bado zinayajadili.

Nimezipima sehemu hizi kwa mambo matano: njia, mandhari, historia, kulala na kula, na mpaka wenyewe. Nauli sizitaji kwa sababu hupanda na kushuka na bei ya mafuta. Ulizia stendi siku moja kabla.

Njia

Matema ndiyo ya karibu, wala haina ushindani. Kosta za Tukuyu na Kyela zinaanza kuondoka stendi ya Nanenane tangu alfajiri. Barabara inaiacha ile ya Dar pale Uyole, inapanda kwenye ubaridi wa Isongole, halafu inateremka muda wote kupitia migomba na mashamba ya chai ya Rungwe. Ukifika Kikusya, kabla ya Kyela mjini, unachepuka kuelekea Ipinda na Matema. Zamani kipande hicho cha mwisho kilikuwa cha kusali, siku hizi ni lami. Ukitoka Mbeya asubuhi, mchana unakula samaki ufukweni, na koti la asubuhi umeshalifunga kiunoni.

Kasanga inataka siku nzima. Unapita Tunduma, na Tunduma ni foleni ya malori ya Zambia na Kongo, kwa hiyo usiahidi mtu saa ya kufika. Baada ya hapo njia inafunguka hadi Sumbawanga, na kutoka Sumbawanga lami inapita Matai na kuishia bandarini Kasanga. Mtego uko kwenye maporomoko yenyewe. Kalambo haiko kwenye lami. Unaingilia kijiji cha Kapozwa kwa barabara ya udongo, na mvua ikishanyesha gari dogo litakuaibisha. Mwenye gari la chini aliache Matai atafute usafiri wa kule.

Mbamba Bay ni mbali kuliko zote. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 600: Makambako, Njombe, Songea, Mbinga, ndipo uteremke kilomita 66 za kona hadi ziwani. Njia yote ni lami, lakini hakuna sababu ya kuimaliza kwa siku moja. Lala Songea. Kwa wa Iringa na Njombe hesabu ni nyingine, maana wao wako njiani tayari. Kuna na njia ya maji: meli ya MV Mbeya II huondoka upande wa Kyela, ikishusha na kupakia kwenye bandari ndogo kama Lupingu, Manda na Liuli hadi Mbamba Bay. Ratiba ya meli ulizia bandarini, usiiamini ile ya mdomoni.

Mandhari

Pale Matema Milima ya Livingstone haikupi nafasi ya kuzoea. Inasimama wima, imetia miguu majini, na wewe uko kwenye kipande cha mchanga kati ya ukuta huo na ziwa. Maji ni maangavu kiasi cha kuwaona samaki wadogo wa rangi rangi wakizunguka mawe. Nyuma yako ni nchi ya kijani ya Kyela: mpunga, kakao, michikichi. Sikukuu muziki huwa mkubwa na ufuko hujaa, kwa hiyo mpenda utulivu aende katikati ya wiki. Ajiandae pia na joto la Kyela, ambalo mtu wa Mbeya huliona kama adhabu.

Kalambo ni ya aina nyingine. Mto unafika ukingoni bila kelele nyingi, halafu unadondoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, ndani ya korongo ambalo ukuta wake mmoja ni Tanzania na mwingine ni Zambia. Kushuka kwa ngazi si kazi, kazi ni kupanda. Kwenye kuta hizo wanazalia ndege wakubwa wenye upara, wale waitwao korongo. Nenda Aprili hadi Juni, maji yakiwa mengi. Wanaokwenda Oktoba wanakuta uzi mwembamba ukining'inia kwenye mwamba, na wengi hurudi wamenuna. Chini yake, Kasanga, kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachokaribia mita 1,500, la pili duniani kwa kina. Kwa mandhari peke yake, mara baada ya mvua, mimi ningechagua Kalambo.

Mbamba Bay inakulipa kabla hujafika. Kati ya Mbinga na ziwa unapita Umatengo, na mashamba ya ngoro yamejaa kwenye miteremko kama masega ya nyuki: vishimo vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja na kingo zake. Mkulima hulaza nyasi zilizofyekwa katika mistari inayokatizana, akachimba udongo wa katikati na kuzifukia, kisha akapanda maharage au mahindi juu ya kingo. Mvua ikinyesha, maji yanakaa shimoni badala ya kuuchukua udongo kwenda bondeni. Kilichowapeleka Wamatengo kwenye miinuko mikali namna ile ni uvamizi wa Wangoni katika karne ya 19. Walikimbilia milimani, wakabanana, na ardhi ikawalazimisha kuwa mafundi. Kwa hiyo unachokipiga picha ukidhani ni shamba tu ni alama ya vita. Ziwani kwenyewe kuna ghuba tulivu, visiwa vidogo na mawe makubwa ya mviringo. Kunapendeza, na watu si wengi.

Jambo moja linawahusu wa Nyasa wote, Matema na Mbamba Bay: kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa. Mwenyeji akisema leo mtumbwi hautoki, usimbembeleze.

Historia: hapa ndipo zinapoachana

Anayekwenda Mbamba Bay hawezi kuiruka Songea, na asiiruke. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, viliishia vibaya sana huku. Wajerumani walichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua wengi kuliko risasi. Tarehe 27 Februari 1906 waliwanyonga viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 kwa mkupuo na kuwafukia kwenye kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Kaburi lake liko peke yake, na kichwa chake kilichukuliwa. Chabruma, chifu wa Wangoni, alikataa kujisalimisha akavuka kuingia Msumbiji. Makumbusho ya Majimaji yako hapo hapo penye makaburi, na kila mwisho wa Februari kuna kumbukumbu kubwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika akaonana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha. Nenda na mwongozaji wa makumbusho. Ukitembea peke yako utaona sanamu za wazee tu, ukitembea naye utasikia nani alikuwa nani.

Ukishuka ziwani kuna Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhaven. Tarehe 13 Agosti 1914 boti ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa, ikaipiga mizinga. Nahodha Mjerumani hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Na huyo Mwingereza aliyempiga, Rhoades, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Mjerumani akapiga kasia kwenda kumuuliza kama amelewa, akachukuliwa mateka. Wenyeji hucheka wakiisimulia, ila vita hiyo hiyo iliwabebesha mizigo babu zao na wengi hawakurudi. Upande wa Mto Ruvuma kuna kumbukumbu za karibu zaidi: kuanzia 1964, FRELIMO ilipoanza vita dhidi ya Wareno, vijiji vya mpakani vilipokea wakimbizi na kuishi kwa hofu hadi Msumbiji ikapata uhuru, 25 Juni 1975. Wazee walioiona hali hiyo bado wapo. Msalimie mzee, kaa chini, acha yeye aanze.

Kasanga haina mwongozaji wa kukusubiri mlangoni. Iliitwa Bismarckburg, boma la Wajerumani la kulinda kona hii ya Ziwa Tanganyika, na Juni 1916 Wajerumani walilikimbia mbele ya Waingereza. Leo ni magofu. Ripoti kwanza ofisi ya kijiji, jitambulishe, uombe mtu wa kukupeleka. Hiyo ni heshima, pia inakuepusha na maswali. Ng'ambo, mwendo mfupi tu, ni Mbala ya Zambia, enzi hizo ikiitwa Abercorn. Huko ndiko jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikojisalimisha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Hizo wiki mbili zina maana. Huku kusini mwa Afrika Mashariki wapagazi waliendelea kubeba mizigo ya watu ambao mkataba wao wa kusitisha vita ulikuwa umeshatiwa saini.

Kalambo ina historia nyingine iliyozifanya hizo zote zionekane za jana. Karibu na maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walichimbua magogo mawili yaliyochongwa yakapachikwa moja juu ya jingine, na mwaka 2023 wakatangaza umri wake: takribani miaka 476,000. Hakuna ujenzi wa mbao wa kale kuliko huo unaojulikana duniani. Usitegemee kuyaona magogo pale. Lakini kusimama ukingoni ukijua kwamba kulikuwa na mafundi hapa kabla ya mtu wa aina yetu kuwapo kunabadilisha namna unavyoutazama ule mto.

Kyela ni kesi iliyo wazi bado. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka kwenye ukingo wa ziwa. Malawi inaushikilia huo: maji yote ya upande huo ni yake. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Fungua ramani iliyochapishwa kwetu uone mstari ukipita katikati ya Nyasa, halafu fungua ya Malawi: mstari uko kwenye mchanga wetu. Mwaka 2012 mambo yalipamba moto baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta ziwani, na aliyekuwa Rais wa Msumbiji, Joaquim Chissano, akaongoza usuluhishi. Ukikaa Matema ukamtazama mvuvi akisukuma mtumbwi kwenda kutafuta usipa, unamtazama mtu anayevua kila siku juu ya mgogoro huo, na ukimuuliza atakuambia samaki hawana pasipoti.

Mto Songwe nao ni mkaidi. Huhama njia yake kila mafuriko makubwa, na kwa kuwa wenyewe ndio mpaka, shamba la mtu linaweza kuamka liko upande wa pili. Ndiyo sababu nchi hizi mbili zimekuwa na mpango wa pamoja wa kuutuliza. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule ni ndugu, lugha zao zinasikilizana, misiba wanazikana. Ukiwa njiani, chepuka Masoko, kusini mwa Tukuyu, uone jengo la Wajerumani juu ya ziwa la kreta. Wenyeji watakusimulia habari za sarafu za Kijerumani zilizotupwa majini vita ilipowaelemea. Zisikilize kama hadithi, inatosha.

Kulala na kula

Matema ina nyumba za wageni za kanisa, gesti na hoteli za ufukweni, kwa mifuko ya kila namna. Kula wali wa Kyela na mbasa, ndizi, na usipa wa kukaanga. Jumamosi usikose soko la vyungu la Lyulilo, mwendo wa miguu kutoka Matema. Akina mama wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vimefungwa majani, vina mistari myeupe juu ya udongo mwekundu. Mama anakigonga kwa kifundo cha kidole, anakusogezea sikioni: "Sikia mwanangu, kinalia. Kikinyamaza, kimepasuka." Nunua kinacholia, na bei punguza kwa adabu.

Kasanga kuna gesti chache na za kawaida. Wengi hulala Sumbawanga au Matai na kushuka mchana. Chakula ni migebuka na dagaa wa Tanganyika, na huko Ufipa ugali wa ulezi. Mbamba Bay iko katikati: gesti za mjini na sehemu chache nzuri za ufukweni, samaki kwa wingi, na kahawa ya Mbinga ukiwahi kuiagiza kabla hujateremka.

Kotekote lala ndani ya chandarua. Kabla ya kuogelea muulize mwenyeji, maana kuna kichocho sehemu za maji yaliyotuama na mamba karibu na midomo ya mito.

Mpaka wenyewe

Malawi, Zambia na Msumbiji hazimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kitambulisho cha taifa hakitoshi kuvuka. Beba pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kadi ya homa ya manjano. Rahisi kuliko kote ni Kasumulu, jirani na Kyela, ambako watu huvuka kila siku kwenda Karonga. Kalambo mtu hujaribiwa kushuka korongoni akatokea Zambia. Asijaribu. Mbamba Bay kuvuka kwenda Malawi kwa mguu haiwezekani, kwani Nkhata Bay ya Malawi iko ng'ambo ya ziwa zima.

Kuna vitu viwili vidogo vinavyowatoa watu jasho. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo hurudisha saa nyuma kwa saa moja, unakosa basi huku ukijiona umewahi, na salio nalo linayeyuka. Na Malawi na Zambia zote hutumia kwacha, ila ni pesa mbili tofauti, ya Zambia ina thamani kubwa zaidi. Mbadilishaji wa barabarani anajua wewe hujui. Askari, mizani na madaraja ya mpakani usivipige picha.

Kwa hali yako

Una siku mbili au tatu, una watoto wadogo au wazazi watu wazima: nenda Matema. Safari ni fupi, ufuko uko mlangoni, na mgogoro wa ziwa unaelezeka kwa ramani mbili na kidole.

Una mwanafunzi wa sekondari anayesoma Majimaji, au wewe mwenyewe unataka kuelewa kilichotokea na kukiona kimehifadhiwa: Songea na Mbamba Bay, na upange siku tano au zaidi. Ukiweza, nenda mwishoni mwa Februari kwa ajili ya kumbukumbu, ila ujue utakuwa katikati ya masika na ziwa halitakuwa na jua la kuaminika.

Una magoti mazima, gari la juu na subira ya kuuliza njia, na hupendi kuelekezwa na vibao: Kasanga na Kalambo, Mei au Juni. Usimpeleke huko mtu anayetaka huduma ya haraka, mtagombana njiani.

Bajeti ikibana, Matema tena, kwa sababu nauli ni ndogo na unaweza kurudi siku yoyote. Mnaotoka Iringa au Makambako linganisheni vizuri kabla ya kufuata mkumbo wa Mbeya, Songea kwenu si mbali hivyo.

Na mwenye wiki nzima na tumbo lisiloogopa mawimbi anaweza kuunganisha mbili: ashuke Matema, apande meli upande wa Kyela hadi Mbamba Bay, kisha arudi kwa basi kupitia Mbinga, Songea na Njombe. Ahakikishe meli kwanza, ndipo aombe ruhusa kazini.